Msikilizaji Mmoja wa Theta

Nzilani alianzisha podikasti kwa sababu dada yake alikuwa anachemsha maji.

Kuchemsha maji ni jambo jema, na Nzilani mwenyewe angekuwa wa kwanza kulisema, maana kazi yake ilikuwa kupima maji katika maabara moja mjini Thika. Lakini Kalondu, dada yake mkubwa, alikuwa amehamia Theta, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vinavyotegemea kisima kimoja kirefu, na mara tu aliposikia kwamba maji ya kisima hicho yana floridi, ile inayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, aliamua kuichemsha mpaka ikome. Alianza na dakika kumi. Jirani alipomwambia kwamba floridi ni ngumu kufa, akapanda hadi arobaini. Nzilani alichukua sampuli mbili, akazipeleka kazini. Maji ya bomba yalikuwa na miligramu nne nukta sita kwa lita. Maji ya sufuria yalikuwa na saba nukta tisa. Kiwango kinachoruhusiwa ni moja nukta tano.

Hakukuwa na ajabu yoyote hapo. Moto huua vijidudu, na floridi si kijidudu. Maji ndiyo yanayoondoka na mvuke. Floridi inabaki, na kila dakika jikoni inazidi kukolea. Kwa bidii na mapenzi yote, Kalondu alikuwa akimpikia bintiye supu ya floridi.

Binti huyo, Mitchell, alikuwa na miaka mitano na meno meupe ya utotoni. Weupe huo haukumtuliza Nzilani. Meno ya ukubwani hujengwa ndani ya taya miaka mingi kabla ya kuonekana, na yakishatoka na madoa hakuna mswaki wa kuyafuta. Ilibaki miaka mitatu hivi kabla ujenzi huo haujakamilika.

Alimweleza dada yake. Alimchorea hata grafu. Kalondu aliitazama grafu kwa heshima, akaikunja, akauliza kama Nzilani alikuwa amekula. Shida haikuwa grafu. Kalondu ndiye aliyembeba Nzilani mgongoni kule Matuu, akamfuta kamasi, akamfunza kufunga viatu, na hakuona ni kwa njia gani elimu ingeweza kupanda kutoka chini kwenda juu.

"Kama hiyo maneno ingekuwa ya ukweli," alisema, "si wangesema kwa redio?"

Nzilani hakuwa na redio. Alikuwa na simu.

Jumamosi iliyofuata alienda Ruiru, kwenye mafunzo ya siku moja yaliyofanyika juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwalimu, Wanyoike, alikuwa na podikasti tatu na sauti ya mtu aliyelala vizuri. Alifundisha mambo ya maana, na Nzilani akayaandika yote. Usizungumze na umma. Chagua msikilizaji mmoja, umjue, uzungumze naye. Weka maikrofoni ngumi moja kutoka mdomoni. Tafuta chumba chenye vitambaa vingi, maana ukuta mtupu hurudisha sauti. Kabati la nguo linatosha. Ingia kwenye jambo lenyewe kabla sekunde thelathini hazijaisha. Toa kipindi siku ile ile kila wiki, hata kama hakuna anayengoja. Jisikilize mwenyewe kabla hujamsikilizisha mtu mwingine. Na mwishoni waombe wasikilizaji wakuandikie, nao wakikuandikia, wataje kwa majina.

Wenzake darasani walilalamika kwamba ni kazi kumpata huyo msikilizaji mmoja wa kumwazia. Mwanamume mmoja alimbuni mwanamke wa miaka thelathini anayependa kusafiri na kunywa maziwa ya lozi. Nzilani hakuhitaji kubuni. Wake alikuwa na jina, nambari ya simu na sufuria.

Alirekodi kipindi cha kwanza ndani ya kabati lake la nguo huko Kamenu, ameketi kwenye kigoda, makoti ya maabara yakimgusa masikio. Alipima ngumi. Alikiita "Maji Unayokunywa." Kilichukua dakika tisa na hakikuwa na kosa hata moja, floridi ilitajwa kwenye sekunde ya ishirini na mbili. Mwishoni alisema, kama alivyofundishwa: "Niandikie. Atakayeniandikia nitamtaja jina hewani."

Nzilani alikuwa amekulia kwenye vitabu. Hakujua kwamba nchi hii ina watu ambao wangeisikia sentensi hiyo wakiwa usingizini, wakaamka.

Barua ya kwanza ilifika Jumatano. Ilikuwa picha ya kadi iliyoandikwa kwa mkono, herufi zote zimeinama upande mmoja kama zinapigwa na upepo. Mwandishi alikuwa Jeconia, bawabu mstaafu wa kiwanda cha nguo, mkazi wa Kiandutu, ambaye kwenye kadi alijiita Jeconia Jicho Halilali. Aliwasalimu watu watano, kila mmoja kwa jina lake, lakabu yake na mtaa wake. Chini kabisa aliandika: Ujumbe, tuheshimiane. Kuhusu maji hakuandika neno.

Nzilani alifurahi hata hivyo. Aliisoma kadi yote katika kipindi cha pili, bila kuruka lakabu. Hilo lilikuwa kosa lake, na alilifanya kwa kufuata maagizo.

Kwa zaidi ya miaka ishirini Jeconia na wenzake walikuwa wakipeleka kadi za salamu kwenye kituo kimoja cha redio, zikasomwa kila alasiri. Kisha kituo kikabadilisha wakubwa, na saa ile ya salamu ikapewa watu wa kubishana kuhusu mpira. Kwa miaka minne Chama cha Wanasalamu wa Kiandutu na Viunga Vyake hakikuwa na mahali pa kutajwa. Hakikuvunjika. Kiliendelea kukutana, kufanya uchaguzi na kuandika kumbukumbu, kikingoja. Kanuni yake kuu ilikuwa rahisi: anayesalimiwa sharti ajibu ndani ya siku saba, kwa kuwasalimu wengine watano.

Wiki ya tatu zilifika kadi tano. Wiki ya nne Nzilani alisoma majina sitini na moja. Wiki ya tano yalikuwa mia moja na kumi na mawili, na kipindi kikapita nusu saa. Takwimu za wasikilizaji zilipanda kama nyasi za Aprili, mpaka alipozitazama kwa makini. Asilimia themanini na nane walikuwa wakifungua kipindi, wakiruka moja kwa moja hadi dakika ya tisa, sekunde ya nne, mahali floridi inapoishia na majina yanapoanzia.

Alimpigia Wanyoike simu. Wanyoike alimpongeza. Alisema hiyo inaitwa jumuiya, na kwamba yeye mwenyewe aliitafuta miaka miwili bila kuipata.

Nzilani aliketi akapiga hesabu. Kadi moja huzaa tano, tano huzaa ishirini na tano. Kwa mwendo huo, mzunguko wa tano ungekuwa na majina elfu tatu mia moja ishirini na tano, ambayo kwa sekunde mbili kila jina ni saa moja, dakika arobaini na nne na sekunde kumi. Mzunguko wa nane ungemaliza wiki nzima na kumega ya pili. Hakuna kabati lenye hewa ya kutosha.

Angeweza kuvumilia hata hayo, kama si ziara yake ya Theta. Alimkuta Kalondu jikoni, simu imeegemezwa kwenye mkebe wa chumvi, sauti ya Nzilani mwenyewe ikitoka humo ikisoma majina, na kando yake sufuria ikitokota. Dirisha lilikuwa limefunikwa na mvuke. Kalondu alimnyamazisha kwa kidole. Kumbe alikuwa mwanasalamu tangu akiwa msichana. Lakabu yake ilikuwa Sauti ya Theta, na zamani, kabla hajahama Matuu, ilikuwa sauti ya mahali pengine. Alisikiliza hadi jina la mwisho, macho yamefumbwa.

Nzilani aliuliza kuhusu zile dakika tisa za mwanzo.

"Hiyo ya maji? Hiyo huwa naruka," Kalondu alisema. "Si wewe utaniambia ukikuja."

"Nimekuja, Mama Mitchell."

"Eeh. Na umepata maji yamechemka. Shika kikombe."

Kwa hiyo msikilizaji mmoja alikuwa amepatikana, tena mwaminifu, na alikuwa akisikiliza kila kitu isipokuwa kile kilichofanya podikasti iwepo. Nzilani alirudi Kamenu akafanya lile ambalo mtu yeyote wa akili angefanya. Aliondoa majina yote. Kipindi cha sita kilikuwa dakika tisa za floridi tupu. Kilisikilizwa na watu wawili, mmoja wao Nzilani, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kujisikiliza.

Jumapili, saa nane mchana, wajumbe sita walipanda ngazi hadi mlangoni kwake. Jeconia alitangulia, mrefu, koti la kazi limefungwa vifungo vyote ingawa alistaafu zamani. Nyuma yake alikuja Apiyo, katibu, muuza omena, na kitabu cha kumbukumbu kwapani. Nzilani aliwakaribisha sebuleni. Jeconia alishukuru, akakataa: malalamiko yao yalihusu studio, na kanuni iliwataka wayasikilizie mahali pa tukio. Nzilani alieleza kwamba studio ni kabati la nguo.

"Madam," Jeconia alisema, "mimi nimelinda mahali padogo kuliko hapo."

Wakaingia. Nzilani, Jeconia na Apiyo walitosha ndani, magoti yakigusana. Wanne waliobaki walisimama chumbani na kupenyeza vichwa kati ya makoti. Mmoja alifungua kwa sala. Jeconia aliomba kikao kirekodiwe, na Nzilani akabonyeza, kwa mazoea. Baadaye alipokisikiliza aligundua kwamba hajawahi kupata sauti safi kiasi hicho. Miili sita ilikuwa imemeza mwangwi wote.

Apiyo alisoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Kati ya mambo mengine, ndugu Gachau wa Makongeni alikuwa amesalimiwa mara mbili bila kujibu, akaandikiwa barua ya onyo. Ilielezwa kwamba Gachau alifariki mwaka juzi. Mkutano ulijadili, ukaona hiyo si sababu ya kutosha, kwa kuwa hakuomba ruhusa. Nzilani aliuliza kama barua hiyo ilipelekwa. Apiyo alisema ilipelekwa, na mjane aliisaini.

Kisha zamu ya Nzilani ikafika. Aliwaonyesha hesabu yake: elfu tatu mia moja ishirini na tano, saa moja, dakika arobaini na nne. Vichwa vinne kati ya makoti vilitazamana. Jeconia aliishika karatasi mbali na macho, akaisoma hadi mwisho.

"Hesabu ni nzuri," alisema. "Lakini inadhani kila mtu ana bando."

Nzilani aliichukua karatasi, akaikunja. Lilikuwa kosa la kweli katika hesabu yake. Akaacha takwimu, akawaambia kuhusu Mitchell: umri wake, sufuria, sampuli mbili, miaka mitatu. Aliyasema taratibu na bila kupandisha sauti, kama anasoma matokeo. Alimaliza kwa kusema kwamba alianzisha kipindi ili jambo hilo lifike kwa dada yake, na dada yake alikuwa akiliruka ili awafikie wao.

Apiyo aliacha kuandika.

"Shida yako ni hii," Jeconia alisema mwishowe. "Sisi kila mmoja ana ujumbe. Wewe huna ujumbe. Wewe una hotuba."

"Ni dakika tisa tu."

"Kadi ina mstari mmoja." Alionyesha upana wa mstari kwa vidole viwili. "Unasomwa kwa pumzi moja. Ukizidi pumzi, mtu ameenda kuangalia ugali."

Nzilani aliomba katiba ya chama. Apiyo aliitoa mkobani, kurasa kumi na moja zilizopigwa taipu, na Nzilani akazisoma zote palepale huku wageni wakinywa chai wakiwa wamesimama. Huenda alikuwa mtu wa kwanza kuzisoma zote tangu ziandikwe. Kwenye ukurasa wa tisa alikuta alichokitafuta. Kanuni ya thelathini na moja ilisema kwamba ujumbe wa kawaida unaweza kujibiwa kwa ujumbe mwingine wowote, lakini ujumbe wa mwenyekiti sharti urudiwe na kila msalimiwa, kwa kinywa chake mwenyewe, neno kwa neno, kabla hajawasalimu wake watano. Asiyefanya hivyo anafutwa.

Aliisoma kwa sauti. Wote waligeuka kumtazama Jeconia, naye akaelewa anaombwa nini. Ujumbe wake ulikuwa "tuheshimiane" tangu mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nane. Watu wa Kiandutu walimwita hivyo barabarani.

Aliinama akafikiri kwa muda, kichwa kati ya mikono ya koti la maabara. Akauliza kama huyo mtoto analala vizuri. Nzilani alisema analala vizuri, hana ugonjwa wowote, ni meno tu, na meno yenyewe bado hayajatoka. Jeconia alisema amewahi kulinda bidhaa za aina hiyo: kontena ambazo hazijafika.

"Mwezi mmoja," alisema. "Nakuazima mstari wangu mwezi mmoja. Na majina yarudi. Yarudi mbele, si nyuma."

Nzilani alikubali. Kazi iliyofuata ilichukua muda mrefu kuliko kurekodi vipindi vyote sita. Alisema floridi kwa maneno mia. Jeconia akajaribu kuyasoma, akaishiwa pumzi. Akasema kwa arobaini. Jeconia akafika thelathini na mbili, akakohoa. Miligramu zilitoka. Taya ikatoka. Kiwango kinachoruhusiwa, ambacho Nzilani alikitetea kwa dakika kadhaa, kikatoka pia. Kila kilichoondolewa kilikuwa kweli, na hilo lilimuuma, lakini alipotazama kilichobaki hakuona uongo. Apiyo alikiandika kitabuni, kikapendekezwa, kikaungwa mkono kutoka chumbani: Floridi haifi kwa moto; ukichemsha, maji huondoka, yenyewe inabaki; mtoto apewe ya mvua.

Jumanne Jeconia alirudi peke yake. Aliingia kabatini, akapima ngumi moja bila kuambiwa, akasoma salamu kwa sauti ya mtu anayeita magari langoni. Wa kwanza kusalimiwa alikuwa Kalondu, Sauti ya Theta. Ujumbe aliusoma kwa pumzi moja, na ikabaki kidogo.

Siku tano zilipita bila neno kutoka Theta. Nzilani alijiambia kwamba siku tano ni chini ya saba. Siku ya sita, alfajiri, simu yake ilipokea sauti ya Kalondu, imenyooka na rasmi, sauti ambayo Nzilani hakuwahi kuisikia nyumbani kwao. Kalondu alijitaja kwa jina na lakabu. Alirudia ujumbe wa mwenyekiti neno kwa neno. Kisha akawasalimu watano: wapangaji watatu wa ploti yao, Mburu mwenye ploti, na wa tano Nzilani wa Kamenu, mdogo wake, ambaye alimtaka asikilize mambo haya kwa makini kwa sababu yanahusu maji na yeye anafanya kazi ya maji.

Nzilani aliirusha sauti hiyo katika kipindi kilichofuata. Mburu hakuwa mwanasalamu, lakini kusalimiwa hewani kunambana mtu yeyote. Alijibu kwa njia aliyoijua: mwisho wa wiki fundi alifunga mifereji ya mabati upande wote wa mashariki, na tangi jeusi likawekwa chini yake. Mvua za Aprili zilikuwa bado hazijaisha.

Nzilani alipofika, Kalondu alimshika mkono akamzungusha ploti nzima. Alimwonyesha mifereji. Alimwonyesha tangi. Alimweleza kwamba maji ya mvua ndiyo ya kuchemsha, kidogo tu, kwa ajili ya vijidudu, na ya kisima ni ya kufua na kuosha nyumba. Aliyajua yote, na aliyasema kwa hasira ya mtu aliyecheleweshewa habari.

"Na wewe, Nzilani. Na vile umesoma. Miaka hiyo yote hii kitu hukuwa unaijua?"

"Nilikuwa naijua kidogo."

"Ukaninyamazia."

Mitchell alikuwa mlangoni akinywa kutoka kikombe cha plastiki. Nzilani alimwomba maji kidogo, akayamimina kwenye chupa ya sampuli, akaifunga. Kesho yake kazini yangeonyesha sifuri nukta moja.

Kalondu alikuwa bado anaeleza. Alisema floridi hukaa chini kabisa ya sufuria kama mchanga, na kwamba ukiinama vizuri na kukaza macho unaweza kuiona. Hilo halikuwa kweli. Floridi ikishayeyuka kwenye maji haionekani, hata ukiinama vipi. Nzilani alifungua mdomo. Kisha akaona kwamba kosa hilo halitamdhuru mtoto yeyote.

"Ina rangi gani?" aliuliza.

"Nyeupe-nyeupe hivi," Kalondu alisema, akachuchumaa kando ya sufuria tupu ili amwonyeshe.